Breki za Foksi la Maharusi

Kuna watu wakifiwa hulia mpaka machozi yakakauka, kisha hujifuta uso, wakarudi kwenye mambo yao. Kijakazi wa Rasbura hakuumbwa hivyo. Yeye alilia siku ya msiba tu, tena kwa hasira, halafu machozi akayaweka kando akabaki na hasira peke yake. Aliitunza kama watu wanavyotunza kanga ya sanduku, ile isiyovaliwa hovyo, inayongoja siku yake. Wa kumlaumu na amlaumu, lakini kwanza asikie alichotendewa.

Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Hina, piko, singo, kusuka, kufundisha bibi harusi namna ya kuinamisha macho hata kama moyoni anacheka, yote hayo yalikuwa yake. Mumewe, Issa, kazi yake ilikuwa kuwabeba hao maharusi akishamaliza mke kuwapamba. Aliwabeba kwa Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma na buti mbele, rangi ya maziwa. Baba yake Issa aliinunua kwa meneja wa shamba la mkonge, meneja alipofunga virago. Mjini Lindi waliliita Foksi, na binti aliyeolewa bila kupanda Foksi alihesabiwa kama ameolewa nusu. Likiteremka Mtanda na riboni zake, watoto wote wa mtaa hukimbia nyuma yake, na Issa hupiga honi kwa madaha kama aliyeoa yeye.

Fundi wa Foksi alikuwa Yasini. Huyu alikuwa na gereji juu kule Mtanda, chini ya bati moja na nguzo za mnazi. Alimzidi Issa umri kwa miaka kadhaa, lakini hakuna aliyempa heshima ya umri huo katika nyumba ya Issa, kwa sababu walikuwa watani. Watu wa ukoo wa Issa ni wa Mchinga, wa ukoo wa Yasini ni wa Kinjumbi, na utani wa koo hizo mbili ni wa tangu mababu. Nawe unajua mtani alivyo. Atakuita mchawi mbele ya wakwe zako, atamkamata kuku wako amchinje, atakutangazia umekufa na wewe uko chooni, na wajibu wako ni kucheka. Mtani hakasirikiwi. Mke wa mtani naye ni mtani, kwa hiyo Kijakazi na Yasini hawakuwahi kuamkiana kwa adabu hata siku moja. Yeye akimwona alisema, "Wewe fundi wa kubomoa, bado hujafa?" na Yasini alijibu, "Nitakufaje kabla sijakurithi?" Basi, siku imeanza.

Siku ya ajali ilikuwa Ijumaa. Asubuhi Issa alipokanyaga breki, pedali ilizama mpaka chini kama aliyekanyaga godoro. Foksi lile lilikuwa na breki za dramu magurudumu yote, kama lilivyotoka kiwandani, na dramu za mbele zilikuwa zimekwisha kulika. Akalipeleka kwa Yasini. Mchana alirudi nyumbani kubadilisha kanzu, anacheka mpaka anashika ubavu. "Yule Yasini ana maneno yule," akamwambia mkewe, "leo kaniua." Kijakazi alikuwa na piko mkononi na bibi harusi mbele yake, akamwambia, "Utanihadithia jioni." Issa akaondoka kupeleka mzigo juu Mtanda kwa bwana harusi. Walikuwa wamepanga akishuka Mtanda apitie kumchukua huyo huyo binti.

Kwenye mteremko wa Mtanda breki hazikushika kabisa. Waliokuwepo walisema lilikuja linapiga honi mfululizo, riboni zimenyooka kwa kasi, limekunja pua chini. Kule bondeni barabara ina watu: muuza maji, akina mama wa vitumbua, vijana wa bajaji. Issa aliwakwepa wote, akaingia kwenye baraza ya Mzee Abdulwahab, mshona viatu, akaivunja baraza na mguu wa mzee, kisha akamalizia ukutani. Alikata roho hapo hapo. Kijakazi alifika anakimbia, piko bado mkononi. Buti la mbele lilikuwa limefumuka, kichupa cha mafuta ya breki kimepasuka, na kanga ya harusi aliyokuwa ameiweka humo mwenyewe ilikuwa imeloa. Akaivuta ile kanga, akamfunika nayo mumewe uso, akaketi chini.

Issa alizikwa kesho yake. Kabla jeneza halijaondoka, imamu aliuliza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na mwenye kinyongo amsamehe, ili mwenzetu aende mwepesi. Hapo ndipo Mzee Abdulwahab, aliyeletwa amekalishwa kwenye mkokoteni, mguu umefungwa mbao, aliposema kwa sauti kavu, "Mimi namdai mguu wangu. Alikuwa anakimbiza gari kwenye watu. Sijamsamehe."

Wazee wakambembeleza, hakubembelezeka. Na kwa kweli angesamehe nini? Mtaa mzima ulikuwa unasema Issa alilewa sifa, alikuwa anakimbilia harusi, alikuwa anajionyesha. Kijakazi aliyasikia yote kutoka ndani, amekaa mkekani kati ya wanawake. Ikawa mumewe anaingia ardhini na deni la mguu wa mtu shingoni. Kwa mwanamke anayejua akhera ni nini, hilo ni zaidi ya kifo chenyewe.

Halafu akaja Yasini.

Alikuja kufanya kazi yake ya utani, kama inavyotakiwa msibani. Alivaa kofia ya marehemu, akachukua mfuniko wa sufuria akaushika kama usukani, akaingia katikati ya waombolezaji anakimbia hatua fupi fupi. "Nipisheni! Nipisheni! Mimi Issa, nawahi harusi! Breki! Breki iko wapi? Jamani nani kaona breki yangu?" Akajiangusha miguuni kwa wanaume, akajinyoosha kama maiti, akafumbua jicho moja, akadai hainuki mpaka apewe chochote. Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakasahau walichokuwa wanalilia. Ndiyo kazi ya mtani, na hakuna aliyefanya kosa kwa kucheka.

Lakini Kijakazi kule ndani alikuwa ameishika ile kanga. Ilikuwa imekauka, imekakamaa, na ilinuka. Haikunuka mafuta ya breki, ambayo mke wa dereva anayajua. Ilinuka sabuni ya kufulia. Akaisugua kwa kidole chenye mate, ikatoa povu. Palepale akaelewa. Mafundi njaa wana ujanja wao: mafuta ya breki yakikosekana, wanatia maji ya sabuni, pedali inapanda, mwenye gari anafurahi, anaondoka. Dramu zikiwa baridi breki zinashika, zikipata moto maji yanachemka, na pedali inarudi chini. Akakumbuka na jingine. Kwa mafundi wa Lindi, aliyegusa breki ndiye anayepanda gari kwa mara ya kwanza kulijaribu mteremko wa Mtanda pamoja na mwenye gari. Ni kiapo chao. Siku ile Yasini hakupanda. Alisema anawahi sala ya Ijumaa.

Kwa hiyo aliyemuua mumewe alikuwa hapo nje, amevaa kofia yake, anachekesha watu.

Alitaka kutoka amrukie. Wanawake walimshika, wakadhani ni uchungu. Na kwa wema wao, walipokuwa wanaosha vyombo na kufua nguo za msiba, wakaifua na ile kanga. Ushahidi wa sabuni ukaondolewa kwa sabuni! Alipomwambia shemeji yake Twalib, mdogo wake Issa, Twalib alikuna kichwa akasema, "Shemeji, mimi nakuamini. Lakini tukasimame wapi tuseme povu?"

Eda ya wenzake ni ya kumwombea marehemu. Kijakazi alimwombea Issa, hilo halina shaka, lakini kila baada ya dua alikuwa na mpango. Alitaka kitu kimoja: Yasini aseme kwa mdomo wake, Mzee Abdulwahab akiwa anasikia. Vingine vyote angevitafuta baadaye.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa kijinga, japokuwa wakati ule ulionekana wa akili. Alipotoka eda, Yasini alikuwa anamwoza binti yake, Imani. Kijakazi aliitwa kupamba, akaenda, akampamba yule binti kwa ustadi wake wote, maana mtoto hana kosa. Watu walipokuwa wamekaa ukumbini, Mzee Abdulwahab akiwa safu ya mbele na fimbo yake, Kijakazi alisimama. Si yeye ni mtani? Si ana ruhusa ya kusema? Akasema.

"Mnamwona huyu baba harusi? Alimtia mume wangu maji ya sabuni kwenye breki! Akamwacha ateremke Mtanda, yeye akaenda msikitini kumwomba Mungu asionekane! Muuaji huyu! Kisha akaja kucheza juu ya maiti!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Shangazi mmoja alipiga kigelegele. Wengine walikuja kumtunza noti kwenye kilemba, wakamwambia, "Umemweza leo, mtani!" Yasini mwenyewe alicheka, ingawa jasho lilimtoka juu ya mdomo, akajibu, "Na wewe nitakutia sabuni, unanuka piko!" Wakacheka zaidi. Mzee Abdulwahab naye alicheka, meno yake machache yote nje. Kijakazi alibaki amesimama katikati, noti zimemning'inia kichwani, ukweli wake wote umegeuka kichekesho. Alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa Mchinga analijua, kwamba mdomo wa mtani hauaminiki. Kwa aibu ile, ungemchoma kisu siku ile asingesikia maumivu.

Alirudi nyumbani akazitoa zile noti, akazitoa sadaka msikitini, akaanza upya.

Mwaka uliofuata watu walimwona akifanya mambo ya ajabu. Aliliondoa Foksi kwenye uwanja lilikokuwa linaota majani, akalipeleka kunyooshwa bodi. Alikwenda Mchinga kwa Twalib, akajifunza udereva kwenye pikipiki ya magurudumu matatu kwanza, halafu kwenye pikapu, kwenye njia za mikorosho ambako ukigonga unagonga mkorosho tu. Akapata leseni. Halafu akaagiza vipuri Dar es Salaam, vikaja kwa basi vimefungwa kwenye gunia: diski mbili za mbele, kalipa za kuzibana, pedi, mipira mipya, na masta silinda ya njia mbili, ile ambayo paipu ya mbele ikipasuka, ya nyuma bado inashika. Dramu za mbele alitaka zitoke kabisa. Za nyuma zibaki, lakini zikerezwe upya.

Na vipuri hivyo vyote, pamoja na Foksi lenyewe likiwa linavutwa kwa kamba, alivipeleka kwa Yasini.

Mtaa ulishangaa. Wengine walisema mjane amesamehe, wengine walisema anataka kuolewa. Kijakazi hakumjibu mtu. Yasini alipomwona anaingia geti na gari lile, uso ulimbadilika kidogo, kisha akavaa uso wake wa kila siku. "Eh, marehemu amefufuka?"

"Amefufuka, anataka breki," Kijakazi akasema. "Breki za diski. Au hujui kuzifunga?"

Angesemaje? Kukataa kungekuwa kusema neno ambalo hakutaka kulisema. Akakubali.

Kijakazi alikuja kila siku. Aliweka kigoda chake mbele ya gurudumu analofungua Yasini, akaketi, akaangalia. Hakuuliza sana. Yasini akifungua boliti, anaangalia. Akipaka grisi beringi, anaangalia. Siku dramu ya mbele kushoto ilipotoka, ile iliyoshindwa kumsimamisha Issa, ilikuja na silinda yake ya mafuta, na ndani ya silinda mlikuwa na kutu ya rangi ya chai. Mafuta ya breki hayaleti kutu ile, maji ndiyo yanaileta. Yasini aliiangalia, akaitupa haraka kwenye rundo la vyuma. Kijakazi aliinuka, akaiokota, akaiweka karibu na kigoda chake, akaketi tena. Tangu hapo kila Yasini alipoinua macho alikutana na dramu ile. Alianza kuangusha spana. Alianza kukaza boliti iliyokwisha kukazwa. Alijaribu utani, "Utanioa nini, mbona hutoki?" na Kijakazi alitabasamu tu, tabasamu la mwenye akiba. Ilimfurahisha kumwona anavyokonda. Ndiyo, ilimfurahisha, na alimshukuru Mungu kwa furaha hiyo.

Siku ya kutia mafuta ya breki alikuja na kopo lake mwenyewe, halijafunguliwa. Akalifungua mbele yake, akamnusisha. "Hayanuki sabuni, sivyo?"

Yasini alisema, "Utani wako siku hizi una miiba."

"Tia."

Akatia. Wakatoa upepo kwenye breki, gurudumu moja moja, Kijakazi mwenyewe amekaa ndani anakanyaga pedali, anashikilia, anaachia, mpaka ikawa ngumu chini ya mguu kama jiwe la mto. Alipoikanyaga mara ya mwisho alijua kuwa gari lile lingeweza kusimama popote. Alijua pia kuwa Yasini ameifanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote maishani mwake, maana alikuwa na woga. Kumbe angeweza! Hilo lilimchoma kuliko yote.

"Kesho baada ya alasiri tunajaribu Mtanda," akamwambia. "Na safari hii fundi anapanda."

Asubuhi yake alikwenda kwa Mzee Abdulwahab. Alimkuta barazani, kwenye baraza iliyojengwa upya, anashona kandambili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuniomba radhi ya mumeo, jibu langu unalijua."

"Sikuombi. Nakuomba upande gari langu leo, kiti cha nyuma. Utasikia maneno ya kutisha humo ndani. Usiogope, breki zinashika."

Mzee aliiweka sindano chini. "Gari lile lile?"

"Lile lile."

"Nimeshaogopa mara moja katika maisha yangu," akasema, akijitafutia fimbo, "sidhani kama nina woga mwingine uliobaki. Twende."

Alasiri ile Foksi lilisimama juu ya mteremko, hendibreki imevutwa, injini inanguruma nyuma. Mzee Abdulwahab alikuwa nyuma, mguu mbovu ameunyoosha kwenye kiti. Yasini alipomwona alisita, lakini mafundi wenzake walikuwa wamesimama wanaangalia, wakamwambia, "Panda, fundi, au kazi yako huiamini?" Akapanda mbele, akafunga mlango.

Kijakazi alishusha hendibreki. Foksi likaanza kujiviringisha taratibu.

"Yasini," akasema, macho barabarani, "yale mafuta nimeyamwaga. Nimetia maji ya sabuni, kama uliyomtia Issa. Tuone tutafika wapi."

"Acha utani."

"Sitanii."

"Kijakazi, acha utani!"

Gari lilikuwa linaongeza mwendo. Nyumba za kwanza zilipita, ukapita mwembe, ukapita mnara wa simu. Yasini alitafuta kitasa cha mlango, akaona kasi, akakiacha. Akamgeukia Kijakazi uso, akaona hacheki, na hapo mwanamume yule akavunjika. Akapiga kelele kama mtoto anayetahiriwa.

"Simamisha! Hayashiki haya! Yakichemka hayashiki! Nilimwambia Issa! Wallahi nilimwambia mimi mwenyewe, nilimwambia humu kuna sabuni, asipite Mtanda! Simamisha, Kijakazi!"

Kijakazi alikanyaga breki. Foksi lilikaa chini barabarani kama kuku anayeatamia, matairi hayakulia hata kidogo, na Yasini akaenda kugonga pua kwenye kioo.

Alikuwa amelipata alilolitaka. Lakini neno moja katika yale lilimkwama.

"Ulimwambia?" akauliza. "Akasemaje?"

Yasini alikuwa ameshika pua, damu inapita katikati ya vidole. "Alicheka."

"Sema yote."

"Duka lilikuwa limefungwa, Ijumaa. Nilikuwa nimemwambia mafuta ninayo, na sikuwa nayo. Niliona haya. Nikatia sabuni. Alipokuwa anaondoka nikamwambia, 'Mtani, leo nimekutia sabuni humo, usipite Mtanda, ukifa utakufa msafi.' Akacheka. Akaniambia, 'Na wewe ukifa tutakuosha kwa dizeli.' Nikacheka naye. Nilitaka kumwita tena nimwambie kweli, sio utani... akawa ameshaondoka."

"Ameshaondoka," Kijakazi akarudia, "au ulimwacha aondoke?"

Yasini akaitazama damu kwenye vidole vyake.

Kijakazi aliona mbele yake Issa anayeingia mlangoni anashika ubavu, anasema Yasini kaniua. Alikuwa amekuja nyumbani kumhadithia mkewe kifo chake, na mkewe akamwambia jioni. Hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Yasini dakika ile, na alikuwa amemchukia muda mrefu. Mtu anayedanganya angalau anajua anadanganya. Huyu alichukua onyo, akalivika nguo ya mzaha ili lisimwaibishe, akampa mtu ambaye alijua atacheka. Kisha msibani akauvaa mzaha ule ule tena, na kofia ya marehemu juu yake.

Kutoka kiti cha nyuma Mzee Abdulwahab alikohoa. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema polepole. "Nami nilicheka harusini kwako, Yasini, mwanamke huyu alipokuwa analia mbele yetu. Mungu anisamehe." Akaweka mkono wake wa kushona viatu begani kwa Kijakazi. "Issa nimemsamehe, duniani na akhera. Nitalisema msikitini, mbele ya watu wale wale. Mguu wangu najua sasa nimdai nani."

Kijakazi alifumba macho. Alipoyafumbua aliangalia mbele tu.

"Shuka," akamwambia Yasini.

"Mtani wangu, tuzungumze..."

"Shuka kwenye gari la Issa."

Mzee alitimiza neno lake Ijumaa iliyofuata, akiwa amesimama na fimbo, na mji mzima ukajua. Watu wengine walitaka mambo ya polisi, na Twalib alikwenda huko, na mambo ya huko yana mwendo wake, bado yanakwenda. Gereji ilipungukiwa magari. Lakini kisasi cha Kijakazi hakikuwa huko.

Mama yake Yasini alifariki wakati wa masika, bibi aliyekula chumvi nyingi, kifo cha kumshukuru Mungu. Msiba wa namna hiyo ndio watani wanaupenda, maana machozi ni machache na mzaha ni mwingi. Yasini alijiandaa. Aliweka kando vya kuwapa watani watakapolizuia jeneza njiani, kanga mbili na kuku, na alikuwa akiangalia barabara ya Mchinga tangu asubuhi. Labda alifikiri kwamba watakaporudi kumtukana, watakuwa wamerudi kuwa watani wake.

Walikuja. Walikuja wengi, ukoo mzima wa Issa, Twalib mbele. Walivua viatu vizuri, wakavipanga. Wakapeana mikono na wenye msiba. "Poleni kwa msiba," wakasema. Wakaketi. Hakuna aliyelala kitandani kwa marehemu. Hakuna aliyeiga mwendo wake wala kuvaa ushungi wake. Waombolezaji waliwatazama wakingoja, mwishowe wakaacha kungoja, na uwanja ukawa mzito hata mtu anaogopa kukohoa.

Yasini hakuweza kuvumilia. Akaanza yeye. "Nyie wala panya wa Mchinga! Mmekuja kula tu? Leo hakuna panya hapa!" Sauti yake ilienda peke yake, ikarudi peke yake. Twalib aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyehutubiwa na mkubwa wake.

Ndipo Kijakazi alipotoka upande wa wanawake. Alikuwa amejitanda vizuri, hana haraka. Uwanja wote ulimwona akipita kati ya watu mpaka mbele ya Yasini. Uso wa Yasini ulianza kufunguka. Alikuwa tayari kuitwa fundi wa kubomoa, muuaji, mbwa, chochote. Alikuwa na kiu nacho. Kijakazi akapiga goti, kama binti aliyefunzwa anavyopiga goti mbele ya mzee wa watu.

"Shikamoo, baba," akasema. "Pole kwa msiba."

Wazee walioelewa waliangalia chini. Watu walikuwa wanangoja, na salamu ni deni.

"Marahaba," Yasini akasema.

Kijakazi aliinuka, akarudi ndani. Jeneza likainuliwa, likaenda moja kwa moja mpaka makaburini, na njiani hapakuwa na mtu wa kulizuia.